Garratt ya Mezani

Modeli ya treni ya mtumba haitoi siri zake hadi itumbukizwe kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Ikiwa aliyeiunda aliunga vipande vyake kwa lehemu laini inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 70, haipiti muda boila inaachana na chesisi, bomba la moshi linazama chini, na kibanda cha dereva kinafunguka pande zote. Ikiwa alitumia gundi ya epoksi ya mirija miwili, viungio vinalegea polepole na kuhitaji msaada wa ncha ya kisu. Ikiwa ni ile gundi kali ya matone, inayogandisha vidole kabla ya kugandisha kazi, maji yatasaidia kidogo tu. Adui yake halisi ni asetoni. Na ikiwa modeli yenyewe ni ya plastiki, sufuria iachwe kabisa. Kitakachotoka humo hakitafaa hata kuwa pambo.

Kwa hiyo fundi anayefufua injini hizi huanza kwa kusoma kazi ya mtu asiyemjua. Mtu huyo, mara nyingi Mwingereza wa miaka ya 1960 au 1970, alinunua boksi lenye vipande vya metali na karatasi ya maelekezo, akakaa mezani baada ya chakula cha jioni na kuunda kichwa cha treni chenye urefu wa kiganja au viwili. Jina lake halimo kwenye boksi. Alama zake, hata hivyo, zimo kila mahali: michirizi ya tupa, tone la lehemu lililokimbia, rangi iliyopigwa nene ili kuficha ufa.

Injini moja inafaa kubeba historia ya modeli hizi, kwa sababu iliwahi kuuzwa kwa ajili ya meza za namna hiyo katika zama mbalimbali: Garratt ya shirika la reli la London, Midland and Scottish, maarufu kwa herufi LMS. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao wenyewe ya kuijali. Ilitoka kiwanda kilekile kilichozaa majitu ya reli ya Mombasa.

Herbert William Garratt alikuwa mhandisi Mwingereza aliyewaza kuining'iniza boila katikati, juu ya fremu iliyobebwa na vitengo viwili vya magurudumu, kimoja mbele na kimoja nyuma. Injini ndefu ikaweza kupinda kwenye kona kali, na boila ikanenepa bila kuzuiwa na magurudumu chini yake. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Gorton, Manchester, ililichukua wazo hilo, na Garratt ya kwanza ikaenda kufanya kazi Tasmania mwaka 1909. Reli ya Kenya na Uganda ilizipokea za kwanza mwaka 1926. Kilele kilifika mwaka 1955 na 1956, Beyer, Peacock ilipojenga injini 34 za daraja la 59 kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 ikiwa imejazwa maji na mafuta, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu. Zilipewa majina ya milima. Mbili zimebaki kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, namba 5918 Mount Gelai na namba 5930 Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, injini zote mbili ziko Kenya.

Zile za LMS zilikuwa 33, zilizojengwa kati ya mwaka 1927 na 1930 ili kuvuta makaa ya mawe kutoka Toton, katikati mwa Uingereza, hadi Brent, London. Hazikuwa na bahati. Wahandisi wa LMS huko Derby walishikilia kwamba zitumie maboksi ya ekseli ya vipimo vyao vya kawaida, yaliyobuniwa kwa injini ndogo zaidi, nayo yakawa yanachemka kila mara. Hadi mwaka 1958 zote zilikuwa zimeondolewa, na hakuna hata moja iliyohifadhiwa. Ndiyo maana anayetaka kuona Garratt ya LMS kwa macho hana pa kwenda isipokuwa kwenye modeli.

Modeli zenyewe zina ukoo mrefu kuliko Garratt. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha jijini London jarida la The Model Engineer, lililowalenga watu wanaochonga mashine ndogo nyumbani kwa jiriwa na tupa. Karibu wakati huohuo kijana wa Northampton, W. J. Bassett-Lowke, alianza kuuza vifaa vya modeli kwa njia ya posta. Alikwenda kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, akaona ustadi wa viwanda vya Nürnberg, hasa Bing, na akaagiza watengeneze treni zenye sura ya Kiingereza. Mchoraji wake mkuu alikuwa Henry Greenly. Bassett-Lowke alikuwa mtu wa mambo mapya kwa kila hali: nyumba yake ya Derngate ilifanyiwa usanifu upya na Charles Rennie Mackintosh wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na leo ni makumbusho. Lakini bidhaa zake zilikuwa za wenye nacho.

Fundi wa kawaida alitetewa na mtu mwingine. Aliyeandika kwa herufi LBSC, ambaye watu walimjua kama Curly Lawrence, aliwahi kufanya kazi kwenye reli ya London, Brighton and South Coast, na herufi hizo alizitoa huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alizua ugomvi kwenye kurasa za The Model Engineer. Wakubwa wa biashara walidai kwamba modeli ndogo ya mvuke inafaa kuwashwa kwa spiriti. Yeye alidai kwamba boila ndogo iliyojengwa kama ile ya reli halisi, yenye moto wa makaa ya mawe, itafanya kazi vizuri zaidi. Injini yake, Ayesha, iliyokuwa ya reli ya upana wa inchi mbili na nusu tu, ilivuta mtu mzima. Mabishano hayo yanakumbukwa kama Vita vya Maboila, na Lawrence ndiye aliyeshinda. Kwa miaka mingi baadaye, hadi kifo chake mwaka 1967, aliandika michoro na maelekezo kwa lugha ya karakana, hatua kwa hatua, kiasi kwamba mtu aliyekuwa na mashine ndogo ya kukerezea aliweza kujenga injini inayochemka kweli.

Upande wa pili wa uraibu huu ulikuwa umeme. Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza treni za kutia ufunguo mwaka 1920, na mwaka 1938 akiwa ameshafariki kampuni yake ikatoa Hornby Dublo, treni ndogo ya kutosha kukaa mezani. Hapo ndipo kosa maarufu la Waingereza lilipoganda. Treni zao halisi ni nyembamba kuliko za Ulaya bara, na mota za wakati ule zilikuwa nene. Ili mota iingie, mwili wa injini ulipimwa kwa milimita 4 kwa kila futi, lakini njia ya reli ikabaki ya milimita 16.5, iliyofaa kipimo kidogo zaidi. Reli halisi ya milimita 1,435 ingepaswa kuwa milimita 18.83 kwa kipimo hicho. Tofauti ni milimita mbili na kidogo, ila mtu akiitazama injini kutoka mbele huona miguu imebanana chini ya kifua kipana. Wapo waliojenga njia pana zaidi ili kulirekebisha, wengi walizoea. Mtindo huo, unaoitwa OO, bado unatawala Uingereza hadi leo.

Seti za kuunganisha zilishamiri pale ambapo maduka hayakuweza kutosheleza hamu. Kampuni kubwa kama Hornby au Tri-ang ingeuza injini chache maarufu tu, wakati reli za Uingereza zilikuwa na mamia ya aina. Isitoshe, mvuke wenyewe ulikuwa unakufa. Mpango wa reli za Uingereza wa mwaka 1955 uliamua kuiondoa injini ya mvuke, ya mwisho kujengwa kwa ajili ya reli za taifa, Evening Star, ilitoka Swindon mwaka 1960, na Agosti 1968 safari za kawaida za mvuke zikakoma. Kijana aliyekuwa akiandika namba za injini kwenye daftari pembeni mwa stesheni aliona kila wiki namba zikipungua. Alichoshindwa kukiokoa relini alikijenga mezani.

Kitmaster ilikuwa ya kwanza kumpa Garratt ya bei nafuu. Chapa hii ya kampuni ya Rosebud ya Raunds, Northamptonshire, iliyojulikana zaidi kwa wanasesere, ilianza mwaka 1959 kuuza seti za plastiki za injini za treni. Hazikuwa na mota, zilikusudiwa kutazamwa. Wateja hawakukubali. Kitmaster ikalazimika kuuza behewa dogo la mizigo lenye mota ndani, la kuisukuma injini isiyojiweza, mpango wa ajabu kidogo, maana mzigo ndio uliokuwa ukimsukuma punda. Mwishoni mwa mwaka 1962 seti hizo zilichukuliwa na kampuni ya Airfix, iliyoendeleza baadhi tu, na Garratt haikuwamo. Kwa sababu hiyo boksi la Garratt ya Kitmaster lisilofunguliwa linatafutwa sana, na lililokwisha kuungwa ni mtihani kwa fundi. Gundi ya plastiki haishiki juu juu. Huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Makosa ya aliyetangulia hayafunguki. Hukatwa kwa msumeno mwembamba, au huachwa.

Metali nyeupe ilikuja na uhuru mwingine. Ni aloi ya bati, risasi na antimoni, inayoyeyuka kwa joto dogo. Mtengenezaji huchonga kielelezo kimoja, hukibana katikati ya visahani viwili vya mpira na kuvipika hadi vigumu, kisha kalibu hiyo ikazungushwa kwa kasi huku metali ikimiminwa katikati na kutupwa kingoni na mzunguko. Gharama ni ndogo, kwa hiyo karakana ya watu wachache ingeweza kutoa injini ambayo kiwanda kikubwa kisingeigusa. Wills wa Surrey aliuza magamba ya juu yaliyokaa kwenye chesisi ya Tri-ang au Hornby Dublo, mbinu ya busara: mnunuzi alipata injini ya aina yake na mwendo uliokwisha kujaribiwa. Keyser, waliouza kwa jina la K's, waliweka kwenye boksi na chesisi, magurudumu na mota, na miongoni mwa seti zao ilikuwamo Garratt ya LMS. Uzito wa metali hiyo ni faida ya kweli. Injini nzito hubana reli na kuvuta mabehewa ambayo ya plastiki ingeteleza nayo.

Basi Garratt ya namna hiyo inapofika mikononi mwa mwenye kuifufua, mara nyingi kutoka kwenye urithi wa mzee aliyefariki, kazi ya kwanza ni kuiangalia bila kuigusa. Unga mweupe kwenye metali ni ishara ya risasi kuliwa na mvuke wa tindikali, ambao hutoka kwenye makasha ya mbao na makaratasi ya hali duni. Huo haupigwi msasa pakavu. Vumbi la risasi ni sumu, na wanaofanya kazi hii kwa miaka mingi hawali mezani pa kazi na hunawa kabla ya kushika kikombe. Nyufa na uvimbe kwenye vipande vya aloi ya zinki, vinavyopatikana hasa kwenye chesisi za viwandani za kabla ya Vita Kuu ya Pili, ni habari mbaya zaidi. Zinki iliyochafuliwa na risasi kidogo hujila yenyewe kwa ndani na kubomoka. Ugonjwa huo hauna tiba, kipande hubadilishwa.

Baada ya sufuria ya maji na dawa ya kuondolea rangi, kinachobaki ni rundo la vipande vya kijivu, na hapo ndipo wanaoanza hukata tamaa. Wazoefu huacha mwili pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye chesisi. Garratt ya LMS ina magurudumu 16, na 12 kati yake ni ya kuvuta, yamegawanywa sita mbele na sita nyuma. Kila kundi limeunganishwa kwa fito pande zote mbili. Kwenye injini halisi pini za fito za upande mmoja hutangulia zile za upande wa pili kwa robo ya mzunguko, ili pistoni moja inapofika mwisho wa safari yake nyingine iwe katikati ya nguvu. Modeli ya umeme haina pistoni ya kuogopa, lakini robo hiyo lazima iwe sawa kwenye kila ekseli. Gurudumu moja likipishana na wenzake kwa nyuzi chache tu, fito hukwama, injini hutikisika kila mzunguko, na mota hupata joto. Kasoro nyingi zinazosingiziwa mota zina mzizi hapa.

Mota nayo ina tabia zake. Zile za wazi za zama hizo, kama X04 ya Tri-ang iliyotumika kwenye modeli chungu nzima, hutumia umeme wa DC wa volti 12, brashi mbili za kaboni na sumaku ya alniko. Kusafisha komyuteta kwa pamba na spiriti, kubadilisha brashi na kutia tone moja la mafuta kila upande hufufua nyingi zilizotupwa. Kuifumua sumaku ni jambo jingine. Alniko ikitolewa mahali pake bila chuma cha kuziba ncha zake hupoteza sehemu ya nguvu, na fundi mwenye haraka huirudisha mota ikiwa safi na dhaifu kuliko alivyoikuta. Siku hizi wengi hufunga mota mpya ndogo zilizozibwa, zinazokula umeme kidogo. Ni uamuzi wa halali, mradi ile ya zamani iwekwe kwenye mfuko ndani ya boksi.

Kuunga upya kunadai mkono mwepesi. Chuma cha kulehemu cha kawaida huyeyusha kipande cha metali nyeupe kabla ya mwenyewe kusema lo! Ndiyo sababu ya lehemu ya nyuzi 70 na chuma chenye kidhibiti cha joto. Baadhi ya lehemu hizo zina kadimiamu, kwa hiyo dirisha huwa wazi.

Halafu huja rangi, na hapo mafundi hugombana. Garratt za LMS zilikuwa nyeusi, kama injini zote za mizigo za shirika hilo. Wekundu ulikuwa wa treni za abiria. Ikiwa mwenye kuiunda mwaka 1965 aliipaka wekundu kwa sababu aliupenda, je, iachwe? Wapo wanaosema historia ni ile ya reli, kwa hiyo nyeusi. Wapo wanaosema injini halisi zimekwisha kuyeyushwa, na historia pekee iliyo mezani ni ya yule aliyeiunda. Jumba la makumbusho la Pendon huko Oxfordshire linatunza Madder Valley, reli ya modeli ya John Ahern iliyoanza kujengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, na halikuifanya iwe sahihi kuliko Ahern mwenyewe alivyotaka. Msimamo wa Pendon unaeleweka: kazi ya mtu anayejulikana isihaririwe. Kwa modeli isiyo na jina hoja hiyo ina nguvu pungufu, ila haijafa. Kazi nadhifu ya zamani, hata yenye kosa, inastahili kusafishwa na kuachwa. Rangi iliyomwagwa kwa uzembe haistahili heshima hiyo.

Wanaopenda mvuke wa kweli wana mitumba yao. Mamod, iliyoanzishwa na Geoffrey Malins huko Birmingham mwaka 1937, ilijitosa kwenye injini za reli mwaka 1979, na modeli yake iliuzwa pia kama seti ya kuunganisha. Silinda zake huyumba kwenye egemeo na kufungua na kufunga njia ya mvuke zenyewe, bila vali, kwa hiyo hata asiye mkerezaji anaweza kuitengeneza: mpira wa kuzuia mvuke, springi mpya, vali ya usalama mpya, na mara nyingi jiko la spiriti au gesi mahali pa vidonge vya heksamini, ambavyo Uingereza iliviwekea masharti ya leseni mwaka 2023 kwa kuwa malighafi yake hutumika kutengenezea vilipuzi. Boila kubwa zaidi, za injini zinazobeba watu kwenye bustani, hazichezewi. Mpya hujazwa maji baridi na kushindiliwa hadi mara mbili ya shinikizo la kazi. Maji hayabonyei, kwa hiyo boila mbovu huvuja tu; ikijaribiwa kwa mvuke hupasuka.

Seti za metali nyeupe hazikuuawa na ubovu wake. Katika miaka ya 1990 viwanda vya China vilianza kutoa modeli zilizo tayari, zenye ngazi nyembamba na herufi ndogo ambazo mkono wa kawaida hauzifikii, na Hornby ikahamishia huko uzalishaji wake kutoka Margate, Uingereza. Garratt ya LMS nayo ilipata zamu yake katika muongo wa 2010, ilipotolewa na Heljan ya Denmark ikiwa imekamilika, ya kutoa kwenye boksi na kuweka relini. Ni sahihi zaidi kuliko ile ya Keyser kwa kila kipimo. Lakini kibao cha umeme ndani yake kikiharibika, haitengenezeki kwa tupa na sufuria ya maji.

Mwenye hamu ya kuanza asianze na Garratt. Atafute injini ndogo ya kupanga mabehewa, ya magurudumu sita na mota moja, ahakikishe fito zote na pini zake zimo kwenye boksi, kisha aisukume kwa kidole juu ya kioo. Ikikwama, asiiwashie umeme hadi ajue imekwama wapi.